Jinsi ya Kutazama Filamu Fupi na Ndefu Kwenye Tamasha la LGBTQ: Mwongozo Kamili, kwa Mfano wa BFI Flare London

Kila mwaka BFI Flare, tamasha la filamu za LGBTQ la Taasisi ya Filamu ya Uingereza (BFI), ikishafungwa, wasomaji huniandikia yale yale. Mmoja alitoka Birmingham Jumamosi, akafika akakuta tiketi zimekwisha. Mwingine alitazama filamu nne kwa siku moja, na usiku hakuweza kumsimulia mtu hata moja. Wengi zaidi walikata tiketi za filamu ndefu peke yake. Zile fupi waliziacha wakidhani zitapatikana mtandaoni, na mpaka leo hawajaziona.

Mwongozo huu ni kwa ajili yao. Natumia BFI Flare kama mfano kwa sababu hufanyika London kila Machi, katika jengo la BFI Southbank, na Waswahili wa Uingereza wanalifikia kwa urahisi. Hatua hizi zitakufaa pia kwenye matamasha mengine ya aina hii: San Francisco kwenye Frameline mwezi Juni, Toronto kwenye Inside Out, au Cardiff kwenye Iris Prize mwezi Oktoba, ambako tuzo kuu yenyewe ni ya filamu fupi. Uliye Mombasa, Dodoma au Bukavu usiondoke: hatua ya mwisho ni yako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Akaunti kwenye tovuti ya tamasha, iliyofunguliwa na kuthibitishwa mapema. Ukingoja kuifungua siku ya mauzo, utakuwa unahangaika na nywila wakati wenzako wanachagua viti.
- Barua pepe ambayo hakuna mwingine anayeisoma. Tiketi, vikumbusho na risiti zote hutumwa huko.
- Kadi ya benki. Kama akaunti ni ya pamoja na mzazi au mwenza, kumbuka kwamba jina la ulikolipa litatokea kwenye taarifa ya benki.
- Kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa, ikiwa una miaka 16 hadi 25. BFI ina mpango wa tiketi za bei nafuu kwa rika hilo na kujiunga ni bure, lakini unaweza kuombwa uthibitisho.
- Ratiba iliyochapishwa kwenye karatasi, pamoja na kalamu mbili za rangi tofauti.
- Daftari dogo na penseli.
- Jumla ya fedha utakayotumia, ikiwemo nauli na chakula. Iamue sasa, kabla hujaona programu. Ukishaiona kila kitu kitakuwa cha lazima.

Uanachama wa BFI si lazima. Faida yake kubwa ni kwamba wanachama hukata tiketi siku kadhaa kabla ya watu wengine. Kwa anayeishi London na anayetaka maonyesho mengi, naona una thamani. Kwa anayekuja wikiendi moja, fedha hizo afadhali ziende kwenye tiketi zenyewe.

## Hatua ya 1: Weka tarehe tatu kwenye kalenda

Programu hutangazwa Februari. Baadaye huja siku ya mauzo kwa wanachama, kisha siku ya mauzo kwa watu wote. Tamasha lenyewe huchukua takribani siku 12. Mwaka 2025, kwa mfano, lilifanyika tarehe 19 hadi 30 Machi.

Jiandikishe kupokea barua za tamasha ili tarehe hizo zikufikie zenyewe. Sababu ni moja: vifurushi vya filamu fupi (filamu kadhaa kwa tiketi moja) na maonyesho ya Ijumaa na Jumamosi jioni ndivyo vinavyojaa haraka, na anayeingia kwenye tovuti siku tatu baadaye anachagua katika masalio.

Kuna onyo kuhusu saa. Tovuti inaandika saa za Uingereza. Kama binamu yako wa Nairobi ndiye atakayekukatia kwa sababu wewe utakuwa kazini, saa nne asubuhi ya London mwezi Februari kwake ni saa saba mchana. Mwandikie kwa tarakimu, 13:00, asibahatishe.

## Hatua ya 2: Soma programu kwa kalamu mbili

Kwa miaka mingi BFI Flare imepanga filamu zake katika mafungu matatu: Hearts kwa habari za mapenzi, urafiki na familia; Bodies kwa habari za mwili, ngono na utambulisho; na Minds kwa sanaa, siasa na jamii. Mafungu haya yanakusaidia kujua hisia zitakazokusubiri ndani. Ubora ni habari nyingine, basi usichague fungu moja ukakaa humo.

Kalamu ya kwanza ni ya filamu fupi. Anza nayo.

Filamu fupi haziuzwi moja moja. Zinawekwa pamoja katika kifurushi chenye jina lake, mara nyingi filamu tano hadi nane zinazochukua jumla ya dakika 80 hadi 100. Kanuni za Oscar zinahesabu kuwa fupi filamu yoyote isiyozidi dakika 40 pamoja na majina ya walioitengeneza yanayopita mwishoni, lakini nyingi utakazoziona zina dakika 8 hadi 20. Fungua ukurasa wa kifurushi, soma kila filamu iliyomo, nchi yake, lugha yake na dakika zake. Watu husoma jina la kifurushi tu, na hapo ndipo wanapoikosa filamu ya dakika kumi na moja ambayo ingewafaa kuliko zote.

Kwa nini zianze hizi? Kwa sababu filamu ndefu ina nafasi nyingine. Msambazaji akiinunua itaingia kwenye sinema za kawaida, kisha kwenye huduma za mtandaoni. Filamu ya dakika 12 haina njia hiyo: hakuna sinema inayouza tiketi ya dakika 12. Mwongozaji naye huizuia isiwekwe mtandaoni, maana matamasha mengi yanataka kazi ambayo umma haujaiona. Basi inazunguka mwaka mmoja au miwili, mji hadi mji. Baada ya hapo zipo zinazowekwa wazi kwenye Vimeo au YouTube, na zipo zinazobaki kwenye diski ya aliyezitengeneza. Ukiiruka Machi, huenda umeiruka moja kwa moja.

Kalamu ya pili ni ya filamu ndefu. Hapa uwe mchache. Weka alama kwenye zile zisizo na msambazaji mkubwa, na kwenye maonyesho ambayo mwongozaji atakuwepo. Filamu ya ufunguzi yenye nyota maarufu inaweza kusubiri; utaiona miezi michache baadaye popote.

Kuna filamu ndefu zinazotangulia kila kitu, hata zile fupi: za Afrika Mashariki. Kwetu mambo yamegeuka. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, mwaka 2018, na mwaka huo huo ilipigwa marufuku nyumbani. Mahakama iliondoa zuio kwa siku saba tu, Septemba, watu wakajaza ukumbi Nairobi. I Am Samuel ya Peter Murimi ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2021. Filamu ya namna hii ikionyeshwa mahali unapoweza kufika, hiyo skrini inaweza kuwa ndiyo peke yake utakayoipata ukiwa umekaa na watu wengine gizani. Nenda.

Soma pia tahadhari ya maudhui iliyo chini ya kila filamu. Inataja ukatili, kujiua, ubakaji, kufukuzwa nyumbani. Kwa mtu aliyepitia mambo hayo, mistari hiyo ndiyo inayomwachia aamue ataingia lini na ataingia na nani. Angalia na umri: filamu nyingi za matamasha huonyeshwa kabla hazijapewa daraja na bodi, kwa hiyo ukumbi unaweza kuweka miaka 18.

Umefaulu hatua hii ukiwa na karatasi yenye vifurushi viwili au vitatu vya rangi ya kwanza na filamu ndefu tatu au nne za rangi ya pili.

## Hatua ya 3: Panga siku zako kwa hesabu, si kwa hamu

Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Wanaona filamu moja inaanza 18:10 na nyingine 20:30, wanaona nafasi ya kutosha, wanalipa zote mbili. Hawahesabu mtangulizi, yaani anayeitambulisha filamu, atakayezungumza dakika tano hadi kumi, wala kipindi cha maswali cha dakika ishirini au thelathini, wala foleni ya choo.

Kanuni ni hii: muda wa kuanza, jumlisha dakika za filamu, jumlisha dakika 10 za utangulizi, jumlisha dakika 30 za maswali, halafu acha saa nzima.

Chukua Jumamosi. Kifurushi cha filamu fupi kinaanza 13:00 na kina dakika 92. Ongeza utangulizi na maswali, unatoka kama 15:15. Onyesho la pili usilichukue kabla ya 16:15. Kama ni filamu ndefu ya dakika 100 inayoanza 17:30, ni sawa kabisa: una saa mbili za kula, kutembea kando ya mto Thames na kuzungumza ulichoona. Utatoka kabla ya 20:00.

Maonyesho mawili kwa siku yanatosha. La tatu lichukue ikiwa tu la kwanza ni filamu fupi za mchana na la mwisho ni kitu chepesi. Ubongo hauchoki kwa sababu ya macho peke yake. Filamu hizi zinagusa mambo ambayo wengi wetu tumeyabeba kimya, na baada ya saa tano za kuguswa mtu anaacha kusikia.

Kuna mtego ambao ni wetu Waswahili. Mkikubaliana kukutana "saa sita", aliyekulia Tanga atafika mchana jua la utosini, na kijana aliyezaliwa Leicester atafika jioni 18:00. Kwenye ujumbe andikeni kama tiketi ilivyoandika: 18:10, 20:45. Na siku mkiongea kwa simu, taja na sehemu ya siku.

Mtego wa pili ni wa kalenda. Uingereza husogeza saa mbele kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya Machi. Mwaka 2025 siku hiyo ilikuwa tarehe 30, siku yenyewe ya kufunga tamasha. Tazama kama inaangukia ndani ya tarehe zako, hasa ukiwa na tiketi ya mchana na saa ya ukutani.

Filamu nyingi hupewa maonyesho mawili, mara nyingi moja jioni na jingine mchana wa siku ya kazi. Anayefanya kazi za zamu, kama wauguzi na walezi wa wazee, ana bahati hapa. Onyesho la mchana halijai haraka, na filamu ni ile ile.

## Hatua ya 4: Kata tiketi kwa mpangilio huu

Ingia kwenye akaunti dakika 15 kabla mauzo hayajafunguliwa. Ukiwekwa kwenye foleni ya mtandaoni usifungue upya ukurasa, maana unaweza kurudishwa nyuma.

Kata kwanza onyesho ambalo ukilikosa litakuuma zaidi. Kisha vifurushi vya filamu fupi, kisha filamu ndefu zenye maswali, mwisho mengineyo. Lipa kwa awamu kama kikapu kinakuhesabia muda. Viti vilivyo kwenye kikapu si vyako mpaka ulipe.

Kuhusu kiti: ukumbi mkubwa wa BFI Southbank, NFT1, una viti 450. NFT2 na NFT3 ni vidogo zaidi, na Studio ni ndogo kabisa, ndiyo maana ikijaa imejaa. Filamu nyingi zitakuwa za Kireno, Kikorea, Kihispania, zikiwa na maandishi ya tafsiri ya Kiingereza chini ya picha. Kama Kiingereza unakisoma polepole, kaa katikati kuelekea nyuma, ambapo jicho linaona picha na maandishi kwa pamoja bila kuinamisha kichwa. Safu za mbele zinachosha shingo na zinakupotezea nusu ya mstari. Kama unajua unaweza kuhitaji kutoka, chukua kiti cha kando ya njia.

Tafuta pia alama zinazoonyesha maonyesho yenye maandishi kwa viziwi na nafasi za viti vya magurudumu. Ukiwa na hitaji ambalo halijaorodheshwa, waandikie kabla, usingoje mlangoni.

Zimekwisha? Usikate tamaa siku hiyo. Watu hubadili mipango, na viti hurudi mtandaoni. Tazama ukurasa asubuhi ya siku ya onyesho, kisha nenda kwenye kaunta ya tiketi kama dakika 45 kabla ukaulize viti vilivyorudishwa. Nenda peke yako au kubali kukaa mbalimbali: kiti kimoja hupatikana upesi kuliko viwili vya pamoja.

## Hatua ya 5: Fika mapema, uingie umetulia

BFI Southbank iko chini ya daraja la Waterloo, upande wa kusini wa mto, dakika chache kwa miguu kutoka stesheni ya Waterloo. Ukitokea Embankment, vuka mto kwa daraja la watembea kwa miguu. Utakapoona meza ndefu za vitabu vilivyotumika chini ya daraja, umefika.

Panga kufika nusu saa kabla. Usitegemee matangazo ya dakika ishirini kama ya sinema za biashara. Kwenye tamasha mtangulizi anazungumza, taa zinazimwa, filamu inaanza. Kwenye kifurushi cha filamu fupi, kuchelewa dakika kumi na mbili ni kukosa filamu nzima ya mtu.

Zima simu kabisa. Mtetemo kwenye ukumbi mdogo unasikika na kila mtu, na mwanga wa skrini unawapiga machoni safu tatu za nyuma yako.

Kwa wanaoingia mara ya kwanza wakiwa na hofu ya kuonekana: tiketi ni ya filamu, haimtangazii mtu wewe ni nani. Ukumbini huwa na wazazi wa watu, wanafunzi wa filamu, wapenzi, majirani na watu wanaopenda sinema tu. Hakuna atakayekuuliza.

Ukiwa na saa moja tupu kati ya maonyesho, ndani ya jengo kuna Mediatheque, ambako unaketi mbele ya skrini na kutazama filamu za hazina ya BFI bila malipo.

## Hatua ya 6: Namna ya kutazama kifurushi cha filamu fupi

Hatua hii naiandika kwa kirefu kwa sababu sijaona mtu akiieleza, na ndiyo inayoamua kama utatoka na kitu.

Kutazama filamu saba mfululizo ni kazi tofauti na kutazama moja ya dakika 90. Filamu ndefu inakupa dakika ishirini za kuzoea watu, nyumba na lugha. Filamu fupi inakupa sekunde thelathini. Mlango unafunguliwa, mama anaingia na mifuko ya sokoni, anaona viatu viwili vya wanaume mlangoni: hadithi imeshaanza. Kwa hiyo dakika ya kwanza ya kila filamu tazama vitu, usitafute kisa. Nani anaishi hapa? Nani hatakiwi kuonekana? Kisa kitajileta chenyewe.

Soma orodha kabla taa hazijazimwa. Mpangilio wake haukuwekwa ovyo. Anayepanga huweka filamu ya kuvutia mwanzoni, nzito katikati, na mara nyingi yenye kicheko au matumaini mwishoni. Ukijua ya nne ina dakika 24 na inahusu msiba, utajitayarisha.

Tumia majina ya mwisho. Filamu ikiisha, yanapita majina ya walioitengeneza, kisha giza la sekunde chache, kisha nyingine inaanza. Dakika hiyo ya majina ndiyo yako. Chukua penseli na uandike gizani mambo matatu: namba ya filamu, kitu kimoja ulichokiona, na sauti moja uliyoisikia. Kwa mfano: "2 – gauni la harusi kwenye kamba ya nguo – redio". Usiandike maoni. Maoni yanakuja baadaye, lakini picha ikishafunikwa na filamu inayofuata hairudi kwa urahisi. Mwandiko utakuwa mbaya, haidhuru.

Usizipe alama wakati zinaendelea. Ukishaamua kwamba ya tatu ni bora, utaitazama ya nne kwa kinyongo. Mara nyingi iliyokukera ndiyo utakayoizungumzia wiki nzima.

Ruhusu moja ikupite. Katika filamu saba, itakuwepo ambayo hukuielewa. Iache iende. Anayebaki akiitafuna anakosa dakika tano za kwanza za inayofuata, na katika filamu fupi hizo ni theluthi yake.

Tafuta kinachoziunganisha. Aliyeziweka pamoja alikuwa na sababu. Mfano mzuri wa kazi iliyojengwa hivyo tangu mwanzo ni Stories of Our Lives ya mwaka 2014, kutoka The Nest Collective, kundi la wasanii la Nairobi, ambayo Jim Chuchu aliiongoza: filamu fupi tano za rangi nyeusi na nyeupe, zilizotokana na masimulizi ya Wakenya wenyewe. Kila moja inasimama peke yake, lakini ukitazama zote tano unaona nchi. Kifurushi kizuri cha tamasha hufanya hivyo hata pale filamu zake zinapotoka nchi saba ambazo hazijuani.

Umefaulu ikiwa saa moja baada ya kutoka unaweza, kwa kutazama daftari lako, kumsimulia rafiki angalau filamu tano kati ya saba bila kuzichanganya. Ukiweza tatu tu, tatizo si kumbukumbu yako. Uwezekano mkubwa ni kwamba uliingia ukitoka kwenye onyesho jingine bila kupumzika.

## Hatua ya 7: Filamu ndefu

Hapa maelezo ni machache, kwa sababu tumezoea. Usitazame trela siku hiyo hiyo. Trela inakuonyesha picha bora kabla ya wakati wake. Kula kabla. Kaa mpaka majina yaishe, hasa kwenye filamu zilizotengenezwa nchi zenye sheria kali: orodha ya waliosaidia, na mahali ambapo majina yamefichwa, ni sehemu ya filamu.

## Hatua ya 8: Kipindi cha maswali, na heshima kwa waliomo

Swali zuri ni fupi na linahusu kazi: kwa nini uliiweka kamera mlangoni, mlirekodi wapi, yule mzee mlimpataje. Usimuulize mwigizaji kama yeye mwenyewe ni shoga au msagaji. Hakuja kutoa ushahidi.

Kama filamu ni ya kwetu, ongeza uangalifu. Usiulize mtaa anaoishi mhusika wa filamu ya hali halisi, wala jina la kanisa au msikiti uliotokea kwenye picha, wala shule ya mtoto wake. Unalolitambua kwa macho, likae kwako. Kundi lililotengeneza Stories of Our Lives lilificha majina yake mwanzoni kwa kuhofia usalama, na likayaweka wazi pale tu filamu ilipoonyeshwa kwenye Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto. Hatari hiyo haijaisha. Ukitaka kumsalimu mwongozaji kwa Kiswahili na kumuuliza habari za nyumbani, msubiri nje baada ya kipindi, maikrofoni ikiwa imezimwa.

Picha: jipige mwenyewe mbele ya bango, usipige ukumbi uliojaa watu. Kwenye kiti cha nyuma yako anaweza kuwa ameketi anayesubiri uamuzi wa maombi ya hifadhi, au kijana ambaye shangazi yake yuko kwenye kundi lako la WhatsApp. Na ukikutana na mtu unayemfahamu kutoka nyumbani, msalimie kwa furaha, kisha usimtaje popote mpaka akuruhusu.

## Hatua ya 9: Kama uko mbali, tazama filamu tano za bure

Tangu mwaka 2015, British Council, shirika la utamaduni la Uingereza, na BFI Flare wamekuwa na mpango unaoitwa Five Films for Freedom. Filamu fupi tano zilizochaguliwa kutoka kwenye tamasha huwekwa mtandaoni bure kwa dunia nzima katika kipindi cha tamasha, kwa nia ya kusimama na watu wa LGBTQ wanaoishi mahali ambapo uhuru wao umebanwa. Hakuna tiketi wala kadi ya benki. Zinapatikana YouTube, kwenye ukurasa wa British Council wa sanaa. Kwa anayesoma haya akiwa Afrika Mashariki au Ghuba, hili ndilo onyesho lako.

Fanya hivi, kwa utaratibu huu:

1. Tafuta jina la mpango pamoja na mwaka husika tamasha linapofunguliwa. Hakikisha ukurasa ni wa British Council wenyewe. Usifungue viungo vinavyosambazwa na watu usiowajua.
2. Fungua kwenye dirisha la faragha la kivinjari, si kwenye programu ya YouTube uliyoingia kwa akaunti yako. Sababu ni hii: akaunti ile ile ikiwa kwenye televisheni ya sebuleni, filamu uliyotazama chumbani itaanza kuleta mapendekezo yanayofanana nayo mbele ya familia nzima.
3. Zima kiunganishi cha kurusha video kwenye televisheni. Vaa vipokea sauti.
4. Kama bando ni dogo, shusha ubora hadi 360p. Saa moja ya video kwa kiwango hicho hula takribani MB 300, na filamu zote tano kwa pamoja huwa karibu na muda huo au zaidi kidogo.
5. Tazama mbili jioni moja, tatu jioni nyingine, kwa njia ya penseli ya hatua ya 6. Daftari lako liwe na namba na picha tu, bila majina ya filamu, kama kuna mtu anayeweza kulifungua.

Onyo la sheria lichukue kwa uzito. Uganda, sheria ya mwaka 2023 inaadhibu kile inachokiita kukuza ushoga kwa kifungo kinachoweza kufika miaka 20. Kenya na Tanzania nazo zina vifungu katika sheria za adhabu vinavyoharamisha ngono ya jinsia moja. Kutazama peke yako chumbani ni jambo moja. Kuita watu, kupanga viti na kutuma kiungo kwenye kundi lenye watu 200 ni jambo jingine kabisa, na linaweza kumgharimu hata asiyehusika. Ukitaka kutazama na mwenzako, tazameni kwa simu mbili, nyumba mbili, mkianza kwa wakati mmoja.

Na kwa kuwa mtapanga saa: mwanzoni mwa tamasha Nairobi na Dar es Salaam zipo mbele ya London kwa saa tatu, lakini Uingereza ikishasogeza saa zake, tofauti inabaki mbili. Filamu zinaweza kuondolewa tamasha linapofungwa, kwa hiyo usiziwekee jioni ya mwisho.